Faini ya Dola Tano: Jinsi Wazazi wa Marekani Walivyoishinda Sheria ya Shule

Ijumaa, tarehe 19 Novemba 1965, basi la shule lilisimama mbele ya jengo la darasa moja nje ya mji mdogo wa Hazleton, jimbo la Iowa. Ndani ya jengo hilo walikuwamo watoto wa Waamish, Wakristo wenye asili ya Uswisi na Ujerumani ambao hadi leo hupanda magari ya kukokotwa na farasi na hukataa umeme wa gridi majumbani mwao. Maofisa wa elimu walikuja na polisi wa kaunti ili wawapeleke watoto hao kwenye shule ya serikali. Mtu mzima mmoja akapaza sauti kwa Kijerumani akiwaambia wakimbie. Wakatimua mbio, wakaruka ua wa seng'enge, wakatokomea kwenye shamba la mahindi. Wapigapicha wa magazeti walikuwapo, na wiki hiyo Marekani nzima ikaona migongo ya watoto waliovaa kofia na nguo nyeusi wakiikimbia serikali yao.

Msomaji aliyewahi kumwona mtendaji wa kijiji akimfuata mzazi nyumbani kwa sababu mtoto hajaripoti darasa la kwanza atadhani anaijua hadithi hii. Haijui bado. Watoto wa Hazleton hawakuwa watoro. Walikuwa darasani, madaftari mezani, saa za masomo. Kosa la wazazi wao lilikuwa kuajiri walimu wasio na vyeti vya ualimu, mabinti wa jamii yao wenyewe walioishia darasa la nane. Wilaya ilikuwa ikiunganisha shule ndogondogo ziwe chache na kubwa, na Waamish hawakutaka watoto wao wapakiwe kwenye mabasi na kupelekwa mbali na mashamba. Walitozwa faini, wakakataa kulipa. Faini zikarundikana hadi mali zao zikatishiwa kupigwa mnada. Baada ya picha ile kutoka, Gavana Harold Hughes aliona aibu ya kisiasa inayomjia, akaingilia kati na kusimamisha operesheni. Mwaka 1967 bunge la Iowa likatunga kifungu cha kuwasamehe.

Siku hizi Marekani hutajwa kama nchi ambako mzazi akiamka na kuamua kumfundishia mtoto mezani jikoni hakuna wa kumgusa. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini uhuru huo haukuandikwa na waasisi wa taifa wala haukutolewa kwa hisani. Ulipatikana mahakamani na mahabusu, na walioupigania walikuwa watu ambao majirani zao hawakuwapenda: Wakatoliki, Wajerumani, Waamish, walokole wenye msimamo mkali, na wasomi wenye nywele ndefu waliochoka na kila kitu.

Sheria ya kwanza kabisa ya elimu katika makoloni ya Kiingereza huko Amerika ilitungwa Massachusetts mwaka 1642, na haikutaja shule hata kidogo. Iliwalazimisha wazazi na mabwana wenye vijana wa kazi kuhakikisha watoto wanajua kusoma, wanaelewa misingi ya dini na sheria kuu za koloni. Wazee wa mji walipewa mamlaka ya kupita wakikagua. Mzazi aliyezembea alitozwa faini, na mtoto aliweza kuondolewa akakabidhiwa kwa bwana mwingine. Kwa maneno mengine, kusomesha nyumbani kulikuwa ndiko kawaida, na serikali ilikuwa mkaguzi. Miaka mitano baadaye koloni likaamuru kila mji wenye kaya 50 uajiri mwalimu, na wenye kaya 100 ufungue shule ya sarufi. Mzazi bado hakulazimika kumpeleka mwanawe huko.

Lazima ilikuja mwaka 1852, Massachusetts hiyohiyo. Watoto wa miaka 8 hadi 14 walitakiwa kuhudhuria shule wiki 12 kwa mwaka, sita kati yake mfululizo. Majimbo mengine yakafuata mojamoja. La mwisho lilikuwa Mississippi, mwaka 1918. Sababu zilizotajwa zilikuwa njema: kuwatoa watoto viwandani, kuwapa wote elimu moja. Nyingine zilinong'onwa tu. Meli zilikuwa zikishusha Wakatoliki wa Ireland kwa maelfu, na Waprotestanti waliotawala miji waliiona shule ya umma kama mahali pa kuwafanya watoto hao Wamarekani wa aina yao. Huko Philadelphia, mwaka 1844, ugomvi kuhusu Biblia ipi isomwe darasani uliishia kwenye ghasia zilizoua watu na kuteketeza makanisa ya Wakatoliki.

Na tusisahau upande wa pili wa nchi. Wakati kaskazini ikijiandaa kumlazimisha mtoto asome, Virginia mwaka 1831 ilipiga marufuku mikusanyiko ya kuwafundisha Weusi kusoma na kuandika. Serikali iliyoweza kuamuru elimu iliweza pia kuiharamisha, na wazazi Weusi katika majimbo ya kusini walilijua jambo hilo vizazi vingi kabla wazazi Weupe hawajaanza kuzungumzia uhuru wa mzazi.

Vita vya kwanza vya dunia viliwasha chuki dhidi ya kila kitu cha Kijerumani. Mwaka 1919 Nebraska ilikataza kufundisha mtoto lugha yoyote ya kigeni kabla hajamaliza darasa la nane. Mwalimu Robert Meyer, wa shule ya kanisa la Kilutheri huko Hampton, alimfundisha mvulana wa miaka kumi kusoma Biblia kwa Kijerumani. Akatozwa faini ya dola 25, akakata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1923 akashinda.

Oregon ilikwenda mbali zaidi. Novemba 1922 wapigakura wake walipitisha sheria iliyomtaka kila mtoto wa miaka 8 hadi 16 asome shule ya umma, si nyingine. Waliosukuma kampeni hiyo walikuwa Ku Klux Klan pamoja na kundi la Frimasoni, na shabaha yao ilikuwa shule za Wakatoliki. Masista wa Majina Matakatifu, waliokuwa na shule zao, waliungana mahakamani na chuo kimoja cha kijeshi cha watu binafsi. Tarehe 1 Juni 1925 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria ile kwa sauti moja. Jaji James McReynolds aliandika kwamba mtoto si kiumbe cha dola tu, na kwamba wanaomlea wana haki na wajibu wa kumwandaa kwa maisha. McReynolds mwenyewe alikuwa mtu mgumu, mbaguzi aliyekataa hata kuzungumza na jaji mwenzake Myahudi. Hata hivyo maneno yake ndiyo yaliyokuja kuwa ngao ya kila mzazi aliyeburuzwa mahakamani kwa kosa la shule.

Ngao hiyo ilikuwa na mpaka. Mwaka 1944 Mahakama hiyohiyo iliidhinisha hukumu ya kumtia hatiani Shahidi wa Yehova wa Massachusetts aliyemchukua mtoto wa miaka tisa aliyekuwa chini ya uangalizi wake kwenda kugawa magazeti ya dini barabarani usiku. Serikali, walisema majaji, inaweza kumlinda mtoto hata dhidi ya imani ya mlezi wake. Tangu hapo kila wakili amekuwa akisimama na kesi moja mkononi na mpinzani wake akisimama na nyingine.

Ndipo wakaja watu watatu wa New Glarus, Wisconsin: Jonas Yoder, Wallace Miller na Adin Yutzy. Sheria ya jimbo ilitaka mtoto asome hadi atimize miaka 16. Wao waliwatoa watoto wao shuleni baada ya darasa la nane, wakiwa na miaka 14 na 15, kwa hoja kwamba sekondari ingewafundisha majivuno na mashindano, mambo ambayo jamii yao huyakimbia. Wakatiwa hatiani na kutozwa faini ya dola tano kila mmoja. Fedha hizo wangeweza kuzipata kwa kuuza kuku wachache.

Waamish hawashtaki wala hawajitetei mahakamani. Kwao ni sehemu ya imani. Waliobeba kesi walikuwa watu wa nje. Mchungaji wa Kilutheri, William Lindholm, alikuwa ameunda kamati ya kutetea uhuru wao wa kuabudu mwaka 1967, na wakili aliyesimama mahakamani alikuwa Mkatoliki, William Ball. Kesi ilipanda ngazi hadi Washington. Tarehe 15 Mei 1972 Jaji Mkuu Warren Burger alisoma hukumu: jamii hii imeishi kwa kujitegemea kwa karne tatu, haina wahalifu wala wategemezi, na mwaka mmoja au miwili ya sekondari haitaongeza kitu ambacho shamba halijafundisha. Wazazi wakashinda. Lakini Burger alijihadhari. Alieleza wazi kwamba msamaha huo ni wa imani ya dini iliyokita mizizi. Mtu anayeikataa jamii kwa falsafa yake binafsi asije mbio kuudai.

Aliyetibua furaha ile alikuwa Jaji William Douglas. Kati ya watoto watatu, alisema, ni Frieda Yoder peke yake aliyepanda kizimbani na kueleza imani yake. Wawili waliobaki hawakuulizwa. Huenda mmoja angependa kuwa mpiga piano, au mwanaanga, au mtafiti wa bahari. Anayeamua kwamba hatakuwa ni nani? Wenzake hawakumjibu. Walisema kesi ilihusu haki za wazazi, na ndivyo ilivyobaki. Katika miaka 50 iliyofuata wanaharakati wamenukuu hukumu ya Burger maelfu ya mara, na swali la Douglas limeachwa kwenye maktaba za vyuo vya sheria.

Miaka mitano baada ya hukumu hiyo, mwalimu wa zamani aitwaye John Holt alianzisha mjini Boston jarida lililoitwa Growing Without Schooling. Holt hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa amefundisha shule za binafsi, akaandika kitabu mwaka 1964 kuhusu namna watoto wanavyofeli kwa sababu ya woga, na kufikia 1977 alikuwa amekata tamaa kwamba shule zinaweza kutengenezwa. Wasomaji wake walikuwa wakulima wapya wa mashamba ya jumuiya, wapinga vita, akina mama waliokunywa chai ya majani ya msituni. Upande mwingine walikuwapo Wasabato Raymond na Dorothy Moore, waliohubiri kwamba mtoto mdogo asiharakishwe kwenda shule. Raymond Moore alipoalikwa kwenye redio ya Mlokole James Dobson, ujumbe ukawafikia maelfu ya familia za Kikristo zilizokuwa zimekasirishwa na hukumu za miaka ya 1962 na 1963 zilizoondoa sala na usomaji wa Biblia katika shule za umma. Makundi haya mawili yasingekaa meza moja kwa chakula, lakini kwa muongo mmoja yalipeana majina ya mawakili.

Walihitaji mawakili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majimbo mengi ama yalimtaka mzazi awe na cheti cha ualimu ama yaliliacha suala mikononi mwa ofisa wa wilaya, ambaye angeweza kumpuuza mzazi mmoja na kumshtaki mwingine. Zamani kidogo mahakama chache zilishaonyesha njia nyingine: Indiana mwaka 1904 na Illinois mwaka 1950, katika kesi ya familia ya Wasabato, zilikubali kwamba nyumba yenye mwalimu, mwanafunzi na masomo ya kweli inaweza kuhesabiwa kuwa shule ya binafsi. Majimbo mengine hayakutaka kusikia.

Utah kesi iliishia kwa risasi. John Singer, Mmormoni wa mkondo wa zamani mwenye wake zaidi ya mmoja, aliwatoa watoto wake shuleni mwaka 1973 na kuwafundisha shambani kwake Marion. Mahakama ilitaka watoto wapimwe. Akakataa, akajifungia, akatembea na bastola. Tarehe 18 Januari 1979 askari walimvizia alipokwenda kuchukua barua. Aliichomoa bastola, akageuka kukimbilia nyumbani, akapigwa mgongoni akafa.

Nebraska nayo ilijifedhehesha. Mji wa Louisville ulikuwa na kanisa la Kibatisti lililoendesha shule yake bila walimu wenye vyeti. Mchungaji Everett Sileven alifungwa mara kwa mara. Alfajiri ya tarehe 18 Oktoba 1982 askari waliingia kanisani, wakawabeba waumini 85 waliokuwa wakisali, wakafunga milango kwa kufuli. Mwaka uliofuata, siku moja kabla ya sikukuu ya Shukrani, wazazi saba wa kiume wakatupwa gerezani kwa kukataa kujibu maswali ya hakimu kuhusu shule hiyo. Wake zao na watoto walikuwa wamekimbilia nje ya jimbo. Akina baba wale walikaa gerezani miezi kadhaa, televisheni zikipiga kambi nje, hadi Gavana Bob Kerrey akaunda jopo na bunge la jimbo likabadili sheria mwaka 1984: mzazi mwenye pingamizi la kidini angeweza kuendesha au kuchagua shule isiyo na walimu wa vyeti.

Hapo ndipo upepo ulipogeuka. Mwaka 1983 mawakili wawili, Michael Farris na Michael Smith, walikuwa wameanzisha chama cha kutetea wazazi wanaosomesha nyumbani, HSLDA. Mwanachama alilipa ada kwa mwaka, na polisi wakibisha hodi alipiga simu. Jimbo baada ya jimbo likalegeza kamba. Pennsylvania na New York, mwaka 1988, zilichagua njia ya kati: mzazi atoe taarifa, aandike mpango wa masomo, aweke kumbukumbu, na mtoto apimwe. North Dakota iliacha kudai cheti mwaka 1989. Michigan ilikuwa ngome ya mwisho. Mei 1993 mahakama yake ya juu, kwa kura nne dhidi ya tatu, iliamua kwamba sharti la cheti halimfungi mzazi anayefundisha kwa ajili ya imani. Kuanzia hapo kusomesha nyumbani kukawa halali katika majimbo yote 50.

Nguvu yao ilionekana wazi Februari 1994. Mbunge George Miller wa California aliingiza katika muswada wa elimu wa shirikisho kifungu kuhusu vyeti vya walimu. Hakikutaja nyumba. HSLDA ikasema kinaweza kutafsiriwa kuwa kinawahusu hata wazazi wanaofundisha nyumbani, ikatuma taarifa kwa faksi na redio za Kikristo, na kwa siku kadhaa laini za simu za Bunge zikazidiwa. Wabunge waliopiga kura ya kukiondoa walikuwa 424. Aliyekitetea alikuwa mmoja, Miller mwenyewe.

Ni rahisi kuwashangilia watu hawa, na kwa kiasi kikubwa wanastahili. Jimbo linalofunga kanisa kwa kufuli kwa sababu ya vyeti limepoteza akili. Lakini simulizi ya uhuru wa mzazi ina ukurasa ambao wanaharakati huupita haraka. Mwaka 1959 Kaunti ya Prince Edward, Virginia, ilifunga shule zake zote za umma badala ya kutii amri ya kuchanganya Weusi na Weupe. Weupe wakafungua shule yao ya binafsi, kwa muda fulani kwa msaada wa fedha za umma, wakijitetea kwa haki ya mzazi kuchagua. Watoto Weusi zaidi ya elfu moja wakaachwa bila shule hadi 1964. Wapo waliopoteza miaka yote mitano.

Wajukuu wa watoto hao wamekuja kuitumia haki hiyohiyo kwa sababu zao. Ofisi ya sensa ya Marekani ilipopima kaya zenye watoto wa shule wakati wa korona, zilizosomesha nyumbani zilipanda kutoka asilimia 5.4 majira ya kuchipua ya 2020 hadi 11.1 vuli ya mwaka huo. Kwa kaya za Weusi zilitoka 3.3 hadi 16.1. Si hofu ya ugonjwa pekee iliyowasukuma. Wazazi wengi Weusi walikuwa wamechoshwa na adhabu za ubaguzi na historia iliyofundishwa nusu. Mwaka 1999 takwimu za serikali ziliwahesabu wanafunzi wa nyumbani 850,000. Mwaka 2012 walikaribia milioni 1.8.

Hesabu hizo ni za sampuli, maana hakuna daftari. Texas haimtaki mzazi ajiandikishe wala mtoto afanye mtihani. Idaho na Oklahoma vivyo hivyo. Virginia ina kifungu kinachomwondoa mtoto kabisa kwenye sheria ya shule kwa sababu za dini, na baada ya hapo hakuna anayeuliza kama amejua kusoma. Kutoka kumfunga mzazi kwa kukosa cheti, majimbo mengi yamevuka hadi ng'ambo ya pili, kutojua kama mtoto yupo.

Januari 2018, katika mji wa Perris, California, binti wa miaka 17 alitoroka kupitia dirishani akawapigia polisi simu. Nyumbani walikutwa ndugu zake kumi na wawili, wengi wao wamekondeshwa kwa njaa, baadhi wamefungwa kwa minyororo. Baba yao alikuwa ameisajili nyumba hiyo serikalini kama shule ya binafsi, kwa fomu ya mtandaoni ambayo haikumleta mkaguzi yeyote mlangoni. Mwezi mmoja baadaye mbunge wa jimbo alileta muswada ambao mwanzo ulitaka shule za namna hiyo zikaguliwe, kisha ukapunguzwa hadi kukusanya takwimu tu. Mamia ya wazazi walisafiri hadi Sacramento na watoto wao, wakapanga foleni kwenye ukumbi wa kamati kusema hapana. Hakuna mjumbe hata mmoja wa kamati aliyetoa hoja ya kuupigia kura. Muswada ukafa.

Wazazi wale walikuwa na haki ya kukataa kufananishwa na mhalifu mmoja. Wengi wao hufundisha kwa bidii kuliko shule nyingi. Walichokosea ni kudhani kwamba taarifa kwa wilaya na mtu mmoja wa nje kumwona mtoto mara moja kwa mwaka ni mwanzo wa kurudi Nebraska ya 1982. Wazazi wa Pennsylvania wameishi na masharti ya aina hiyo tangu 1988, na wanaendelea kuwafundisha watoto wao nyumbani.